Kidole Gumba Kwanza: Mafunzo ya Mwanzo ya Gitaa kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya darasa la tatu, katika shule ya msingi iliyo upande wa Bahi, tukimwangalia mwanachuo wetu akifundisha wimbo. Alikuja na gitaa lake mwenyewe, jambo la kusifiwa, na alikuwa anajua kodi 11. (Kwa neno kodi hatumaanishi ile inayolipwa serikalini, bali sauti tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja, ndivyo wapigaji wanavyoziita, nasi hatuna sababu ya kuwabishia.) Wimbo wenyewe ulikuwa mfupi. Hata hivyo ulisimama mara nne, kwa kuwa kila kodi ilipobadilika mwalimu aliinamia shingo ya gitaa kutafuta mahali pa kuweka vidole, na watoto wakasubiri. Kufikia mara ya tatu, wale wa nyuma walikuwa wakibadilishana gololi chini ya dawati.

Lililofuata lilituhuzunisha zaidi. Mwalimu aliwaomba watoto waimbe wimbo wa nyumbani kwao, nao wakaimba kwa Kigogo, kwa sauti mbili, bila ya kuambiwa nani ashike ipi. Mwanachuo akajaribu kuwafuata kwa gitaa. Gitaa na watoto havikupatana. Akawasimamisha, akawaambia kwamba sauti zao zimepotea, akawataka wafuate gitaa. Walijaribu kwa utiifu, kisha mmoja mmoja wakanyamaza.

Sehemu kubwa ya makosa hayo ni yetu sisi wakufunzi. Tulikuwa tumemfundisha kodi nyingi kabla ya kumfundisha pigo, na hatukumweleza kwamba gitaa ni chombo chenye mipaka yake. Katika makala haya tutayaeleza mambo hayo mawili kwa utaratibu tunaoutumia sasa, tukiamini kwamba mwanachuo asiyejawahi kushika gitaa aweza kuufuata, hata kama chuo kizima kina gitaa moja.

Mwanzoni macho ya kila mwanafunzi wa gitaa huenda kwenye mkono wa kushoto, ule unaobonyeza nyuzi. Ndio mkono unaouma, na ndio unaochorwa katika vitabu. Lakini watoto wanaoimba hawausikii mkono huo. Wanachosikia na kukifuata ni pigo la mkono wa kulia. Kodi ikikosewa, wimbo hupita juu yake na kuendelea. Pigo likikosekana, wimbo husimama. Kwa sababu hiyo, katika majuma mawili ya kwanza hatumruhusu mwanachuo kubonyeza uzi wowote. Wengine hununa, hasa wale waliokuja wakitarajia kupiga solo kama Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, ambaye hata baada ya kufariki mwaka 1979 ameendelea kuwapa vijana ndoto za gitaa. Tunawaacha wanune.

Vidole vinavyohitajika ni viwili tu. Huko Katanga alikuwako mpigaji aitwaye Jean-Bosco Mwenda, aliyeimba kwa Kiswahili, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao leo huitwa Likasi. Mkono wake wa kulia ulitumia kidole gumba na kidole cha shahada, basi. Kwa vidole hivyo alipiga ‘Masanga’, na msikilizaji asiyejua hudhani kwamba wapigaji ni wawili. Gumba lilishika nyuzi nene, likitembea bila ya kusita kama mtu anayetwanga. Kidole cha shahada kilijibu juu ya nyuzi nyembamba. Wapigaji wengi wa Afrika Mashariki walijifunza kwa kumsikiliza yeye na wenzake.

Nasi wa uwanda wa kati tuna msingi ulio karibu zaidi kuliko Katanga. Mtoto wa Kigogo aliyekua akimwangalia babu yake akipiga ilimba tayari ameuona mdundo wa vidole. Ilimba ni sanduku la mbao lenye ndimi za chuma, na ndimi hizo hupigwa hasa kwa vidole gumba, kulia na kushoto kwa kupokezana, kila gumba likiwa na kazi yake. Hakuna gumba linalongoja jingine limalize kufikiri. Hukwe Zawose, mwana wa mkoa huu wa Dodoma ambaye baadaye aliishi Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003, aliipeleka ilimba katika majukwaa ya dunia kwa ustadi huo wa magumba. Mwanachuo ambaye nyumbani kwao kuna ilimba na aipige kila jioni. Atafika mbele ya wenzake kwa mwezi mzima.

Zoezi la kwanza ni hili. Nyuzi za gitaa huhesabiwa kuanzia chini, ule mwembamba ukiwa wa 1 na ule mnene kabisa ukiwa wa 6. Weka gumba la kulia juu ya uzi wa 5 na kidole cha shahada chini ya uzi wa 1. Mkono wa kushoto ushike shingo ya gitaa pasipo kubonyeza. Kisha sema kwa sauti majina ya miji yetu, ukipiga pigo moja kwa kila silabi:

Ba-hi, Ko-ngwa, Ba-hi.

Gumba lipige silabi ya kwanza ya kila jina, na kidole cha shahada silabi ya pili. Mapigo ni 6, na gumba limepiga mara 3. Rudia bila ya kuacha nafasi hadi mdomo uchoke. Ukiisha kuzoea, badili majina:

Do-do-ma, Ko-ndo-a.

Mapigo yamebaki 6, lakini hapa pana jambo la kuangaliwa. Wanachuo wengi hukimbilia kuweka gumba juu ya silabi ya kwanza, ilhali Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hatusemi DOdoma, twasema doDOma. Kwa hiyo kidole cha shahada ndicho kitangulie, gumba lianguke juu ya ‘do’ ya pili, na tena juu ya ‘ndo’ ya Kondoa: shahada, gumba, shahada, shahada, gumba, shahada. Sasa gumba limepiga mara 2 katika mapigo yale yale 6. Mwanachuo aliyezoea kuanza kila kitu kwa gumba atajikwaa hapa kwa siku mbili tatu. Asivunjike moyo, maana kujikwaa huko ndiko kunakofungua mkono, na nyimbo nyingi za kwetu huanza hivyo hivyo, kabla ya pigo zito na si juu yake.

Mwisho, unganisha mistari miwili: Bahi Kongwa Bahi, Dodoma Kondoa, bila ya kupumua katikati. Mwanachuo awezaye kufanya hivyo kwa dakika 5, akizungumza na mwenzake kati ya marudio, ameupata mdundo wa vidole.

Zoezi hili halihitaji gitaa. Wanachuo 40 wenye gitaa moja waweza kulifanya pamoja kwa kugonga dawati, gumba likigonga ubao na kidole cha shahada kikigonga ukingo, wakati gitaa linazunguka kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Na ndivyo litakavyofundishwa katika shule ya msingi. Darasa la watoto 60 likigawanywa nusu kwa nusu, upande mmoja ukisema Bahi Kongwa Bahi na upande wa pili Dodoma Kondoa kwa wakati mmoja, watoto watasikia 3 na 2 zikiachana mwanzoni, zikikutana juu ya silabi ya tano na kuachana tena. Hatujapata kuona darasa lililochoka na mchezo huo kabla ya mwalimu.

Dakika 15 kila siku zafaa kuliko saa mbili za Jumamosi. Vidole, kama miguu ya mpanda baiskeli, hujifunza kwa marudio mafupi ya mara kwa mara, na hujifunza zaidi usiku wakati mwenyewe amelala.

Sasa twaweza kuja kwenye mkono wa kushoto. Tunaanza na kodi mbili tu, D na A7, kwa sababu nyimbo nyingi fupi za watoto huimbika kwa hizo peke yake, na sauti ya D haiko juu mno wala chini mno kwa koo la mtoto. Vyuma vilivyolala kwa upana juu ya shingo ya gitaa huitwa freti, nazo huhesabiwa kuanzia upande wa vichwa vya nyuzi. Katika D, kidole cha shahada hubonyeza uzi wa 3 katika freti ya 2, kidole cha kati uzi wa 1 katika freti hiyo hiyo, na kidole cha pete uzi wa 2 katika freti ya 3. Gumba la kulia hupiga uzi wa 4 ukiwa wazi. Katika A7, kidole cha kati hubonyeza uzi wa 4 na kidole cha pete uzi wa 2, vyote katika freti ya 2, na gumba la kulia hupiga uzi wa 5 ukiwa wazi.

Angalieni kidole cha pete. Katika D kiko uzi wa 2. Katika A7 kiko uzi wa 2 vilevile, kimerudi nyuma freti moja tu. Basi kisiinuliwe. Kiteleze juu ya uzi, na vidole vingine vikifuate kama ndama wanavyomfuata mama yao. Yule mwanachuo wetu aliyesimamisha wimbo mara nne alikuwa akiinua vidole vyote hewani kila alipobadili kodi, kisha akivitafutia makao upya kimoja kimoja. Na ikitokea vidole vya kushoto vimechelewa, gumba la kulia lisivingoje. Lipige uzi wake mnene ulio wazi kwa wakati wake. Kodi itakuja pigo linalofuata, na watoto hawatajua.

Bonyeza karibu na freti, nyuma yake kidogo, wala si juu yake. Ncha za vidole zitauma kwa majuma machache, kisha ngozi hukauka na maumivu hupungua. Anayeanza atafute gitaa lenye nyuzi za nailoni ikiwa lapatikana, kwa kuwa za chuma hukata vidole visivyozoea. Pasipopatikana gitaa la dukani, lile la galoni na waya za breki za baiskeli, ambalo vijana wa Afrika Mashariki wamelitengeneza kwa miaka mingi, lafaa kabisa kwa zoezi la gumba. Gitaa la mbao nalo lisiachwe juani. Hewa ya Dodoma katika miezi ya kiangazi ni kavu sana, na mbao hupasuka. Kitambaa chenye unyevu ndani ya kikopo kilichotobolewa, kikiwekwa katika mfuko wa gitaa, husaidia.

Tumekwisha sema la kwanza. La pili, lile la watoto kuambiwa kwamba sauti zao zimepotea, lataka maelezo marefu zaidi, na twamwomba msomaji avumilie hesabu kidogo.

Uzi unapopigwa hautoi sauti moja. Mbali na sauti yake kubwa, ndani yake mna nyingine nyembamba zinazolia pamoja nayo, ambazo mitetemo yake ni mara 2, mara 3, mara 4 na kuendelea ya ile kubwa. Uzi wa 5 wa gitaa, ukilinganishwa kama ilivyo kawaida, hutetema mara 110 kwa sekunde. Basi ndani yake zimo sauti za 220, 330, 440, 550, 660, 770, 880, 990 na zaidi. Watafiti wa muziki, miongoni mwao Gerhard Kubik aliyefika Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, wameonyesha kwamba ngazi ya sauti inayotumiwa katika nyimbo na ilimba za Wagogo ni hiyo hiyo inayopatikana kuanzia ya 4 hadi ya 9 au ya 10 ya sauti hizo za ndani. Kwa mfano wa uzi wetu, ni 440, 550, 660, 770, 880 na 990.

Gitaa limetengenezwa kwa hesabu nyingine. Freti zake zimegawanywa ili kila hatua iwe sawa na nyenzake, jambo linalomwezesha mpigaji kuhama kutoka kodi hadi kodi bila ya kulinganisha nyuzi upya. Faida hiyo ina gharama. Sauti za gitaa zilizo karibu na zile za Kigogo ni 440, 554, 659, 784, 880 na 988. Tazameni ya pili na ya nne. Mtoto anaimba 550, gitaa linamwambia 554. Tofauti hiyo ni ndogo, wengi hawaitambui. Lakini mtoto anaimba 770 na gitaa linamwambia 784. Hiyo ni karibu theluthi ya hatua nzima kati ya freti mbili, na sikio lolote huisikia. Kati ya wawili hao, mtoto ndiye anayefuata sauti iliyomo ndani ya uzi wenyewe. Gitaa ndilo lililosogea.

Mwanachuo asituamini kwa maneno matupu. Achukue rula na kupima urefu wa uzi wa 5, kutoka mahali uzi unapoanzia kwenye kichwa cha shingo hadi unapokomea juu ya sanduku. Magitaa mengi huwa na sm 65 hivi. Agawanye urefu huo kwa 4, kwa 5, kwa 6 na kwa 7. Atapata sm 16.3, 13, 10.8 na 9.3. Apime kila umbali kuanzia kichwani, aguse uzi hapo kwa wepesi kama anayegusa kikombe cha chai ya moto, bila ya kuubonyeza, kisha apige karibu na mwisho wa pili wa uzi na kuondoa kidole mara moja. Zitalia sauti nyembamba kama filimbi, moja baada ya nyingine, na ile ya mwisho ndiyo 770. Halafu apige noti hiyo kwa kubonyeza uzi wa 1 katika freti ya 15, ambayo ni 784. Atasikia mwenyewe. Tulipofanya jaribio hili mbele ya wanachuo, mmoja aliyekulia Mpwapwa alisema kwamba gitaa limeanza kuimba kwao.

Kutokana na hayo, kodi A7 tuliyoifundisha hivi punde, ambayo ni nzuri kwa nyimbo za Kiswahili za darasani, ndiyo mbaya kuliko zote kwa wimbo wa Kigogo, maana ndani yake imo hiyo noti inayogombana na sauti ya mtoto. Kodi A ya kawaida nayo ina ile ya 554. Je, mwalimu aweke gitaa chini? Si lazima. Laza kidole cha shahada cha kushoto juu ya uzi wa 4 na wa 3 kwa pamoja katika freti ya 2, uukunje ili usiguse uzi wa 2 na wa 1, uache uzi wa 5 wazi, wala usipige uzi wa 6. Ikiwa kidole kimoja chakataa, tumia viwili. Nyuzi hizo tano zitatoa A, E, A, B na E. Hakuna hata moja inayotoka nje ya ngazi ya Kigogo kwa kiasi cha kusikika, na noti zile mbili zenye ugomvi hazimo kabisa. Kodi hiyo, ambayo ni rahisi kuliko zote katika shingo nzima ya gitaa, ndiyo iliyomfaa mwanachuo wetu siku ile.

Juu ya kodi hiyo moja gumba litembee: uzi wa 5, uzi wa 4, uzi wa 5, uzi wa 4, na kidole cha shahada kijibu kwa Dodoma Kondoa. Isibadilishwe. Mabadiliko ya kodi yataletwa na watoto wenyewe, kwa sababu katika uimbaji wa Kigogo sauti ya pili huruka noti moja na kushika inayofuata: 440 huimbwa na 660, 550 na 770, 660 na 880, 770 na 990. Hizo nazo ni kodi, na zimefundishwa jikoni na penye ngoma na watu wasiopata kushika gitaa. Mwalimu akilazimisha juu yake zile kodi tatu za vitabuni, atakuwa anafuta mstari alioandika mwingine.

Shida moja hubaki. Watoto hawaanzi wimbo juu ya A ya gitaa, na ilimba ya babu haikulinganishwa na simu. Hapa baadhi ya walimu humtaka mwenye ilimba aifuate gitaa, na hilo ni kumtwisha mzigo bure, kwa kuwa kila ulimi wa chuma utahitaji kusukumwa mbele au nyuma kwa kugongwa kidogo kidogo, na asubuhi yote itakwisha. Gitaa lina masikio ya kuzungushwa. Mwombe mtoto au mzee apige ulimi mkuu wa ilimba yake, ule ambao wimbo hurudi kwake mwishoni. Kaza au legeza uzi wa 5 hadi upatane nao, kisha linganisha nyuzi nyingine kutoka kwa huo. Uzi wa 5 ukibonyezwa katika freti ya 5 hutoa sauti ya uzi wa 4. Uzi wa 4 katika freti ya 5 hutoa ya uzi wa 3. Uzi wa 3 katika freti ya 4 hutoa ya uzi wa 2. Uzi wa 2 katika freti ya 5 hutoa ya uzi wa 1. Uzi wa 6 hulinganishwa mwisho, ukibonyezwa katika freti ya 5 ili upatane na wa 5. Ikiwa ilimba iko juu sana, legeza badala ya kukaza, usije ukakata uzi. Kazi yote huchukua dakika 4 au 5, na yafaa ifanywe mbele ya watoto, ili waone ni nani anayemfuata nani.